Bwana Yangu na Mbinzo

Bwana yangu alimrushia mama yangu beseni la mbinzo usoni. Ndivyo ilivyosimuliwa mtaani kwetu Mangobo nzima, na ndivyo habari ilivyofika Isangi kwa mama kabla hata boti iliyomleta mama haijageuza kurudi. Mimi nilikuwepo, nimesimama karibu nao na tumbo langu mbele, na nasema si kweli. Hakurusha usoni. Alirusha juu, mbinzo zikamwangukia mama kichwani, mabegani, na ndani ya kikwembe kipya alichokivaa kwa heshima ya mkwe. Lakini nenda ukawaeleze watu tofauti hiyo, uone kama watakusikiliza.

Kwa asiyetujua: mbinzo ni viwavi wa msituni, wale wanene wanaoshuka kwenye miti mikubwa msimu wao ukifika. Mkoa wetu wa Tshopo nzima unazingoja. Tunazila na pondu, yaani kisamvu, tunazila na lituma ya ndizi za kuponda, tunazikausha kwa moshi tukauza mbali. Na kwetu, watu wa mto, mama anapokuja kwa binti yake mwenye mimba ya kwanza, haji mikono mitupu, na alicholeta hakiweki chini mwenyewe. Mkwe ndiye anayekipokea kwa mikono miwili na kukiingiza ndani. Akishakiingiza, mlango ni wa mama. Atalala humo, atapika, atangoja mtoto azaliwe, kisha atamkanda binti yake kwa maji ya moto mpaka mwili urudi. Mkwe asipokipokea, mama haingii. Hiyo haina mjadala.

Mama alichagua mbinzo hai, kwa sababu zilizokauka unampa mtu yeyote, ila zilizo hai unampa unayemthamini. Alizifunika kwa majani mabichi, akazilinda safari nzima ya boti zisife kwa jua. Bwana yangu alitoka kumpokea akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alitabasamu, akanyoosha mikono miwili, akasema karibu mama. Hakujua kilichomo, wala mimi sikujua. Jani moja likateleza. Mbinzo moja ilikuwa imepanda ukingo wa beseni, ikaweka miguu yake juu ya kidole gumba chake.

Uso ule sikuwahi kuuona kwake. Alitoa sauti ambayo si neno, beseni likaruka, naye akakimbia nje ya lupango, ua wetu, bila viatu, mtu mzima, mkubwa, fundi cherehani anayesalimiwa na barabara nzima. Mama alibaki amesimama. Alizitoa mbinzo mwilini mwake taratibu, akaziokota zilizotambaa mchangani, akazirudisha zote. Kisha akaomba toleka, baiskeli ya abiria, ya kumpeleka mtaa wa Simi-Simi kwa mdogo wake. Maji niliyomletea hakuyanywa.

Nilikasirika mpaka mtoto akageuka tumboni. Bwana yangu aliporudi alinikuta nimesimama katikati ya lupango, sijapika, sijakaa. Nikamuuliza kile ni kitu gani alichofanya. Akasema alishtuka. Ulishtuka nini, chui? Dukani kwake ana maneno ya kumshawishi mnene avae koti la kubana, lakini ukimbana nyumbani huambulii kitu. Nilimsema mpaka sauti ikakauka, yeye anakunja tu ile mikono ya shati na kuikunjua.

Pande mbili zikapata maelezo yake haraka. Upande wetu ukasema ni dharau. Bwana yangu ni mtoto wa zile familia za Kiislamu za zamani hapa Kisangani, ambazo babu zao walikuja na biashara, wakajenga mjini, wakasoma, wakati babu zetu walikuwa wanatega nyavu. Tantine, yule mdogo wake mama wa Simi-Simi, alitangaza kwamba bwana yangu anatuona sisi ni wala wadudu. Aliyasema hayo huku akikaanga mbinzo zile zile. Upande wake nao ukasema ni dini. Shangazi zake walimpongeza eti amelelewa vizuri, ameukataa uchafu. Nilitaka kucheka. Wapo kwao wasiokula mbinzo, sawa, lakini hao shangazi nimewapikia mimi mwenyewe, na wakaomba nyongeza.

Yeye alisikia zote mbili na hakukana hata moja. Hapo ndipo nilipotaka kumpiga mwiko. Alikubali mama yangu amwone mtu wa dharau. Alikubali shangazi zake wamwone mcha Mungu kwa jambo ambalo Mungu hakutajwa. Kulikuwa na neno moja hakutaka litoke mdomoni, na mimi nilikuwa bado silijui.

Sasa, mimi si mtu wa kutulia hata nikiwa mzima. Mimba ile ilinizidishia. Asubuhi nafagia lupango, nikimaliza nafagia tena. Napanda toleka kwenda Simi-Simi, mwenye baiskeli analalamika uzito, namwambia akanyage aache maneno. Namkuta mama kibarazani anachambua mchele. Namwomba aje nyumbani. Anajibu hana ugomvi na mtu, anangoja kupokelewa, basi. Namwambia Tantine azungumze naye, Tantine anasema nikazungumze kwanza na bwana yangu. Narudi Mangobo na jua kichwani, nafika nafagia.

Nitaeleza kwa nini nilikuwa hivyo, maana watu walidhani ni ukorofi wa mimba. Dada yangu mkubwa alikufa Yanonge, alikoolewa, katika uzazi wake wa kwanza. Mama alikuwa Isangi, boti ikachelewa, alipofika walikuwa wameshamvisha nguo za kuzikwa. Tangu niliposhika mimba nilikuwa na wazo moja tu: mama awe ndani ya nyumba siku uchungu utakaponikamata. Sikulisema kwa mtu. Nilikuwa naona nikiutaja woga wangu wa kufa, utakuwa kweli. Kwa hiyo badala ya kusema, niligombana na kila aliyepita karibu yangu.

Siku moja nilimpelekea bwana yangu chakula dukani, kwenye ile barabara ya kwenda soko kuu. Nikamkuta mwanamke mmoja, mteja, amekaa peke yake ananiuliza fundi amekwenda wapi. Kikapu chake alikiweka juu ya meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha watu. Nikatazama nje. Bwana yangu alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye jua kali, tepu ya kupimia bado shingoni, shati limeloa, mkono kifuani. Nikajua ni moyo, nakuwa mjane kabla sijazaa. Nilivuka barabara bila kutazama, pikipiki zikanitukana.

"Kile kikapu," akasema. "Waambie waondoe kile kikapu."

Niligeuka nikatazama vizuri. Kilikuwa kimejaa mbinzo za moshi, nyeusi, kavu, zilizokufa zamani.

"Zimekufa," nikamwambia.

"Najua."

"Zimekauka, mutu wa Mungu. Hazina hata meno."

"Najua. Yote najua. Miye naogopa."

Nilicheka. Kicheko kilitoka tu, sikukituma. Kisha nikaona macho yake nikaacha, kwa sababu yalikuwa macho ya mtu anayezama. Nikarudi dukani, nikamwambia yule mteja apeleke kikapu chake nyuma, eti kuna koti la harusi mezani litashika harufu. Bwana yangu hakurudi mpaka nilipofuta meza kwa maji na sabuni, na hata hapo aliketi pembeni ya cherehani bila kushona.

Alors, basi, kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani mwangu. Kumbe ndiyo maana kila msimu wa mbinzo anapata homa na kufunga duka. Kumbe ndiyo maana anazunguka njia ndefu nyuma ya soko, akirudi viatu vimejaa matope, ananiambia kuna msongamano. Kumbe sufuria ya pondu huifunua kwa kijiti, amesimama mbali, mimi nikidhani anaogopa mvuke. Miaka yote ya ndoa nimeishi na mtu anayepanga maisha yake kumkwepa kiwavi, na sikuona. Hilo liliniuma kuliko beseni.

Nilimuuliza ilianza lini, nani alimfanyia nini. Nilitaka kisa. Nilitaka binamu mbaya aliyemtia mbinzo ndani ya nguo, ili nipate mtu wa kumlaani. Alifikiri kwa bidii, masikini, akitaka kunipa kitu. Hakukumbuka chochote. Tangu anajijua anaogopa, akafikiri akikua itaisha, alipokua haikuisha akaanza kuificha.

Nikakimbilia Simi-Simi na habari yangu kama mtu aliyepata dawa. Nikamweleza mama: si dharau, ni woga. Mama akanitazama kwa huruma, akadhani nimepewa maneno ya kusema. Mwanamume anayechinja mbuzi kwa mkono wake, akauliza, ataogopaje kitu tunachowatafunia watoto wasio na meno? Tantine akasema kama ni kweli basi ni pepo, apelekwe chumba cha maombi. Tonton, bwana wa Tantine, akasema hakuna pepo wala nini. Watoto wa mto wakiogopa maji tunawatupa majini, wanaogelea, woga kwisha. Akasema niachie.

Nilimwachia, kwa sababu tumbo lilikuwa linashuka na sikuwa na subira ya kufikiri. Tonton alikuja kwetu na furaha yake yote, akamkumbatia mkwe, akamsifu, akamshika mkono kwa nguvu, akamfumbatisha mbinzo mbili za moshi alizozificha mfukoni, na hakumwachia. Bwana yangu alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Walivutana, akajinasua, akaangukia mtaroni, goti likachanika. Tonton akabaki anasema subirini, dawa imeingia sasa hivi. Dawa gani. Baada ya siku hiyo bwana yangu alishindwa hata kushika kamba nene ya kahawia anayotia kwenye mapazia. Woga ulikuwa wa mbinzo tu, sasa ukaota matawi.

Papa mkwe alisikia vurugu hiyo akaja. Ni mzee mkimya, naye alikuwa fundi cherehani kabla macho hayajachoka. Alitazama goti la mwanawe, akamuuliza mbele yangu kama ni dini iliyomfanya arushe beseni la mama wa watu. Bwana yangu akainamisha kichwa. Mzee akasema kwao wapo wasiokula mbinzo, yeye mwenyewe mmoja wao, na bado anapokea, anashukuru, anampa jirani. Hajaona hata mmoja aliyekimbia. Akasema anakwenda kuwaambia wale shangazi wafunge midomo. Nilimpenda sana mzee yule siku hiyo.

Kliniki ya wajawazito ndiyo iliyotufungulia njia, na kwa bahati tu. Muuguzi alinipima presha ya damu, akaona imepanda, akaniuliza kinachonila. Nikamwaga yote: beseni, mama, kikapu, Tonton, goti. Nikamaliza kwa swali lililokuwa likinikaba.

"Niambie kweli. Bwana yangu iko kichaa?"

Alisema alipata mafunzo kidogo ya magonjwa ya akili, si daktari wa mambo hayo, lakini jambo hili analifahamu, nimlete. Nikadhani bwana yangu atakataa. Hakukataa. Alivaa lile shati la kupokelea mama, akanifuata.

Muuguzi yule ni mwanamke wa haraka, anaongea huku anapanga vifaa vyake, na hilo lilinifaa. Alituambia kwanza tuache kufikiri kwamba mgonjwa ni yule asiyefanana na wenzake. Kama kutofanana ni ugonjwa, alisema, kaka yake asiyependa mpira angekuwa amelazwa zamani. Na kama Isangi yote ingekuwa inakimbia mbinzo, basi mimi na mama yangu tunaozitafuna ndio tungeletwa kwake tumefungwa kamba. Yeye anauliza mambo mengine. Woga umezidi kile kinachoogopwa? Unamtesa mwenyewe? Unamfungia njia, ya kazi, ya ndoa, ya kupita barabarani? Kila swali bwana yangu aliitikia kwa kichwa tu, na kila akiitikia mabega yalishuka.

Basi ni ugonjwa, akasema muuguzi, una jina, Wafaransa wanauita fobi, na unatibika. Si kichaa, kwa sababu anajua vizuri kwamba mbinzo haiwezi kumfanya kitu. Anajua na bado mwili unakimbia. Ugonjwa ndio huo. Si pepo, si dharau, si kukosa uanaume. Bwana yangu akauliza kwa sauti ndogo kama wapo wengine. Muuguzi akacheka kidogo, akasema wapo wa paka, wapo wa damu, wapo wa manyoya ya kuku, na mkubwa mmoja wa mji huu hawezi kupanda ghorofa. Bwana yangu alifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia kwa aibu, kumbe ni nafuu. Miaka yote alidhani yuko peke yake duniani.

Nami nikaona nijiingize, nikauliza na woga wangu wa kuzaa ni ugonjwa? Nilimweleza habari ya dada, kwa mara ya kwanza, haraka haraka. Akaniangalia. Akasema huo una sababu na unaeleweka, ila niache kufagia lupango mara tatu.

Dawa yenyewe ilikuwa ngazi. Unaanza chini kabisa, mahali ambapo woga ni mdogo, unakaa hapo mpaka ushuke wenyewe, ndipo unapanda. Sheria ilikuwa moja: usikimbie wakati woga uko juu, maana ukikimbia hapo unaufundisha kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Tonton alimtupa mtu kwenye kidato cha mwisho, tena kwa nguvu, tena akashangaa ameanguka. Muuguzi alitaka bwana yangu awe anataja woga umefika wapi, kwa namna yake. Yeye fundi, akataja kwa vipimo vyake, kutoka chini kwenda juu: magoti, kiuno, kifua, shingo.

Kidato cha kwanza kilikuwa kulitamka tu jina. Hakuwahi kulitamka, alikuwa anasema "ile kitu". Alikaa kwenye kiti nyumbani kwetu akisema mbinzo, mbinzo, mbinzo, kifua, kifua, kiuno, mpaka majirani wakadhani tumeanza dini mpya. Kisha akachora moja kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha kitambaa, akakaa nacho mapajani. Kisha picha kwenye simu. Kisha mbinzo moja kavu ndani ya chupa iliyofungwa, kule mwisho wa chumba, mimi nimekaa mlangoni kama askari, yeye jasho linamtoka, shingo, shingo, shingo. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuchoka hivyo kwa kukaa kwenye kiti.

Mimi ndiye niliyekuwa tatizo. Tumbo langu halikuwa na habari na ngazi za watu. Nilimwona kila siku anasogeza chupa kidogo, kidogo, nikajisemea kwa mwendo huu mtoto ataanza shule. Mchana mmoja nikaichukua mwenyewe nikaisogeza mpaka karibu na goti lake. Alitoka nje mbio, na ikabidi arudi kidato cha nyuma. Muuguzi alinisema bila huruma. Aliniambia ngazi ile si yangu, na kama nataka kumsaidia niikalie mikono yangu. Nikaikalia kweli, nusu saa nzima imefungwa chini ya mapaja, na hiyo kwangu ni kazi kuliko kupasua kuni.

Pole pole akapanda. Chupa ikafika kwenye meza ya cherehani, akashona nayo ikimtazama. Siku moja alifungua kifuniko. Siku nyingine aligusa ile kavu kwa ncha ya kidole, akasema kifua, akangoja, akasema kiuno, akacheka peke yake, nikatoka nje nikalie huko asinione. Lakini mbinzo hai alikuwa amezitazama tu, kwa mbali, kwenye bakuli. Kuzishika bado. Muuguzi alisema bado wiki kadhaa, tusikimbilie.

Asubuhi uchungu uliponianza, sikumwambia mtu. Ndiyo, najua. Niliujua tangu wimbi la kwanza, na kitu cha busara kilikuwa kwenda maternite, hospitali ya kujifungulia. Lakini nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitoki lupangoni mama hajaingia. Nikamtuma jirani kwa pikipiki Simi-Simi amwambie mama aje na zawadi, leo, sasa. Nikamwambia bwana yangu mama anakuja. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Akaenda kunawa uso.

Mama alifika na Tantine na beseni. Msimu ulikuwa unaisha, sijui zile mbinzo walizipata wapi, lakini zilikuwa hai, maana kitu kinachorudiwa hurudiwa kilivyokuwa. Majirani walishatoka, nani angekosa? Papa mkwe naye alikuwepo, amekaa pembeni. Mimi nilijiegemeza kwenye nguzo ya kibaraza. Mama alisimama langoni, uso hauna kitu, beseni mikononi.

Bwana yangu akatoka. Alitembea mpaka mbele yake akasimama. Hakunyoosha mikono. Aliwatazama wale watu wote.

"Mama," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Miye naogopa hii kitu. Si dharau. Si dini. Naogopa, ni ugonjwa, na niko najitibu. Siku ile nilikimbia juu ya ule woga. Unisamehe."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kumrukia atakayecheka, na tumbo lile lile. Mama alimtazama muda mrefu, mikono yake, jasho, miguu iliyokuwa inatikisika ndani ya suruali iliyoshonwa vizuri. Nadhani ndipo alipoamini. Akasema, "Basi shika pole pole."

Akalishika kwa mikono miwili. Mama hakuachia, alibaki amelishika chini yake, wakawa wamelibeba wote wawili.

"Achilia, mama."

"Nikiachilia utarusha."

"Sijui. Achilia."

Mama akaachilia. Bwana yangu akabaki na beseni peke yake. Jani lilisogea, mbinzo moja ikatokeza, ikatafuta njia ukingoni, karibu na kidole. "Shingo," akasema. Tantine alinong'ona alipeleke ndani haraka alitue, lakini mimi nilijua hawezi. Akilitua sasa, amekimbia. Alibaki amesimama, machozi yakimtoka mbele ya Mangobo nzima, na wakati huo huo wimbi langu likaja kubwa, nikashika nguzo kwa mikono yote miwili, nikauma mdomo. Shingo, akasema tena. Mbinzo ikapita juu ya ukucha wake, ikashuka upande wa pili. Hakurusha. Tulisimama hivyo wote, sijui muda gani, wimbi langu likalegea, na baada yake nikamsikia anasema kifua. Halafu, "Kiuno."

Ndipo akatembea, taratibu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa maji, akapita karibu yangu, akaingia ndani, akalitua beseni jikoni. Akarudi mlangoni akajifuta uso kwa kiganja.

"Ingia, mama," akamwambia. "Ingia ndani."

Mama akavua sandale, akavuka kizingiti. Hakwenda jikoni wala hakukaa. Alinigeukia mimi, akatazama jinsi nilivyoishika ile nguzo, akatazama mdomo wangu unaotoka damu, akajua yote. Akaniuliza umeanza lini. Nikasema asubuhi. Akanipiga kofi la begani, kwa hasira kweli, kisha akanikamata na kunivuta kwake, na bwana yangu alikuwa tayari anakimbia barabarani kutafuta pikipiki.

Nilitaka kumwambia mama kwamba niko sawa, kama nilivyokuwa nawaambia wote tangu msimu ulipoanza. Badala yake nikamwambia sikioni naogopa. Naogopa kufa kama dada, nikasema, usiku na mchana naogopa.

Alinishika kichwa kwa mikono iliyonuka majani mabichi.

"Najua," akasema. "Na miye naogopa. Twende."